Umeme wa Friji ya Bibi Yako

Baba yangu alizaliwa Chiungutwa, katika nyumba ya udongo iliyopakana na mikorosho michanga. Mama yangu alizaliwa Newala, juu, mahali ambapo uwanda unakatika ghafla na ukungu hupanda kila asubuhi kutoka bondeni. Majina yao unayajua, mjukuu wangu, na moja umepewa wewe. Usiyaandike hapa, kwa maana habari hii si ya kujisifu, wala sitaki waitwe kutoka makaburini waje kuisikiliza. Mimi nilizaliwa Lisekese. Sikupelekwa shule, ndiyo maana wewe unaniandikia. Nilipelekwa shambani kufukuza nyani, baadaye kupalilia, na nilipopata nguvu za kubeba mashine mgongoni, kupulizia salfa. Hiyo ndiyo kazi niliyozeekea. Naitaja mwanzoni kwa sababu usipoijua hutaelewa jinsi nilivyokaribia kumuua bibi yako.

Mkorosho ukitoa maua huvamiwa na ubwiri unga, ugonjwa unaoyakausha maua kabla hayajazaa. Dawa tuliyoizoea ni salfa, unga wa njano ambao mashine huupuliza juu ya majani asubuhi na mapema, umande ukiwa bado haujakauka na upepo haujaamka, ili unga upate kushika. Siku hiyo kila anayeishi karibu na shamba hufunga madirisha, huziba nyufa kwa vitambaa, hufunika vyungu na mitungi, kwa kuwa salfa huwasha macho na hukaa kifuani. Mtu asiyeziba nyumba yake siku ya salfa sisi humwona mzembe. Mimi sijawahi kuwa mzembe. Andika hivyo, uendelee.

Kazi hii haifanywi kutoka nyumbani. Msimu ukifika tunahama shamba hadi shamba, tukianzia maeneo ya Masasi na kupanda mpaka Newala, wiki baada ya wiki. Zamani nililala kwenye vibanda vya watu. Kisha baba yako akanunua basi dogo kuukuu, akang'oa viti, akaweka kitanda cha mbao, rafu ya vyombo na pazia, na nyuma akatenga sehemu ya mashine na magunia. Yeye akaendesha, mimi nikasimamia kazi, na bibi yako akafuatana nasi. Hakufuata matembezi. Ana ugonjwa wa sukari, anachomwa dawa asubuhi na jioni, na macho yake hayaoni tena mistari ya bomba la sindano. Mimi ndiye ninayempimia. Herufi sizijui, lakini mistari naihesabu, na sijakosea hata mara moja. Kumwacha peke yake nyumbani kwetu Mkomaindo nilikuwa siwezi.

Muuguzi aliyetupa dawa ile alituonya kwamba haitaki joto. Likisimama juani pale Masasi kwa saa mbili tu, gari linakuwa tanuri la mkate. Basi ikabidi iwepo friji, ile ndogo ya magari, na friji ikataka umeme mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika. Hapo ndipo hofu yangu ilipoanza. Kwa miaka yote ya ndoa, uhai wa bibi yako niliuona uko mikononi mwa Mungu. Sasa niliuona umekaa ndani ya kichupa chenye ukubwa wa kidole gumba, na kichupa kinategemea waya.

Tulikwenda Masasi mjini, kwa kijana mmoja auzaye vifaa vya sola. Aliinuka kwenye kiti chake.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tunataka umeme wa kuweka ndani ya gari."

"Wa taa?"

"Wa friji."

"Ah, mtauza soda mnadani?"

Bibi yako akamjibu kabla yangu. "Soda ni mimi mwenyewe, mwanangu. Sukari niliyo nayo inatosha kreti nzima."

Kijana akacheka, baba yako akacheka. Mimi sikucheka, nikamwambia aeleze kazi.

Akaeleza vizuri, nami namshuhudia kwa haki. Alisema njia ni tatu. Ya kwanza, injini ya gari lenyewe huchaji betri mkiwa mnatembea. Lakini mkisimama siku nne katika shamba moja, je, mtaunguruma kutwa kwa ajili ya kichupa? Ya pili, jenereta. Hutoa umeme saa yoyote, ila ina kelele na moshi, na lazima ikae mbali na mahali anapolala mtu. Ya tatu, sola. Haina moshi wala kelele, lakini inataka jua, na inataka betri ya kutosha kuzivuka siku zisizo na jua.

"Mnakokwenda, jua hupotea kwa siku ngapi?" akauliza.

"Newala ukungu huweza kukaa siku mbili," nikasema.

"Basi chukueni betri mbili."

"Moja inatosha."

"Mzee wangu, friji hailali. Nyinyi mkilala, yenyewe inakula."

"Nimesema moja."

Naomba unielewe, mjukuu wangu, maana hapa ndipo penye kosa la kwanza. Petroli naijua. Tangu ujana nimechanganya petroli na oili kwa ajili ya mashine za salfa. Injini ikikohoa najua imeshikwa na nini, ikinyamaza najua pa kuigusa. Kile kioo cheusi cha sola hakikohoi, hakitetemeki, hakina harufu. Kinafanya kazi kimya, na kikiacha kufanya kazi kinaacha kimya vilevile. Niliogopa kitu kisichotoa sauti kinapokufa. Kwa hiyo nikaamuru tuchukue paneli moja, betri moja, na jenereta ndogo ya akiba. Baba yako alitaka paneli isifungwe juu ya gari, bali iwe na waya mrefu, ili gari likae kivulini na paneli iende kulala juani. Nikamwambia kitu kisichofungwa kwa nati si chako, ni cha anayepita. Ikafungwa kwa nati sita juu ya paa.

Shamba la kwanza lilikuwa Chiungutwa. Jua lilikuwa jingi, na taa ndogo ya kijani kwenye mlango wa friji haikuzimika. Hata hivyo sikupata raha. Nilikuwa napanda garini mara tano kwa siku kuitazama taa ile. Nilipokuwa shambani, mashine ikinguruma mgongoni, niliiona taa mbele ya macho yangu. Bibi yako alichoka nami.

"Taa hiyo unaitazama kuliko ulivyonitazama mimi nilipokuwa msichana," alisema.

"Wewe hukuwa na kawaida ya kuzimika."

"Nilizimika mara nyingi, bwana. Hukuwepo tu."

Siku ya sita tukapanda Newala. Mwenyeji wetu alikuwa mzee wa rika langu, mwenye shamba kubwa la mikorosho mikongwe. Tulipofika, tukakuta amefagia chini ya mkorosho mmoja ambao matawi yake yalikuwa yamejiinamia mpaka karibu kugusa ardhi, akamwagia maji ili vumbi litulie, akaweka na mkeka. Aliliashiria gari liingie pale.

"Mgeni wangu haungui na jua," akasema. "Ingieni, ingieni. Leo nimeamka mapema kwa ajili yenu."

Baba yako akanisogelea, akaninong'oneza, "Baba, paneli. Hapa haitapata kitu."

"Mwenye nyumba amefagia," nikamjibu. "Utamwambia kivuli chake hakifai?"

Wewe umesoma, labda utaona ni neno dogo. Kwetu si dogo. Mtu akikufagilia mahali pa kukaa, nawe ukaenda kukaa pengine, umemwambia mbele ya watoto wake kwamba ufagio wake ni mchafu. Gari likaingia kivulini. Kesho yake ukungu ulitanda mpaka saa sita. Siku iliyofuata ulitanda tena, na juu ya ukungu kulikuwa na majani, na juu ya kioo kulikuwa na unga wa njano ambao hakuna aliyeufuta. Betri ilikuwa inakula akiba yake, nami kwa kiburi nilijiambia kwamba itavuka.

Asubuhi ya tatu, kabla hatujaanza kazi, nilipanda garini kama kawaida yangu. Taa ilikuwa imezimika.

Sijui kama nitaweza kukueleza. Niliwahi kukutana na nyoka kwenye kichaka cha mihogo, uso kwa uso. Niliwahi kuanguka kutoka juu ya lori lililokuwa linakwenda. Hofu ya siku hizo ilikuwa nje yangu, niliweza kuikimbia. Hii iliingia ndani yangu ikakaa. Nilifungua friji, nikashika kichupa, nikakiona hakina baridi. Nilikishika kama mtu anayeshika mkono wa maiti. Nilimtazama bibi yako, amekaa kitandani anafunga kilemba, anaimba kwa sauti ya chini, hajui lolote.

"Umeona nini?" akaniuliza.

"Hakuna kitu. Kaa ndani. Leo tunapuliza upande huu huu, salfa itakuja mpaka hapa."

"Kichwa kimeniamkia kizito kidogo."

"Ni baridi ya ukungu. Jifunike."

Nikashuka. Baba yako alikuwa tayari ameshika njia ya shambani na vibarua wawili. Nikatoa jenereta. Nilikumbuka yule kijana wa Masasi alivyosema ikae mbali, lakini waya wake ulikuwa mfupi, na unga wa salfa ulikuwa unakuja. Nilijua salfa ikiingia kwenye kichujio cha hewa, injini itakufa, na ikifa, dawa imekufa. Kwa hiyo niliisukuma chini ya tumbo la gari, mahali pakavu, pasipofikiwa na unga. Nikaiwasha. Ikanguruma vizuri mno. Taa ya kijani ikarudi, nami nikashusha pumzi kama mtu aliyetoka majini.

Kisha nikafanya kile ambacho mtu yeyote wa kazi yetu angefanya. Nikafunga madirisha yote. Nikachukua kanga mbili na gunia tupu, nikaziba nyufa za milango. Nikafunika matundu ya juu. Nilizunguka gari lote nikilipapasa, kuhakikisha hakuna hata ufa ambao salfa ingepita kumsumbua mke wangu. Kazi ile niliifanya kwa uangalifu kuliko kazi zote za maisha yangu. Sakafu ya gari, ambayo ilikuwa imetoboka kwa kutu pembeni mwa magurudumu, sikuikumbuka, kwa sababu salfa haitoki chini.

Nikaenda shambani.

Nilikaa huko kwa muda wa kupuliza mistari mitatu ya mikorosho. Kitu kilikuwa kinanivuta nirudi, nami nikakisukuma, nikidhani ni ile tabia yangu ya kutazama taa. Mwishowe nikarudi. Jenereta ilikuwa bado inanguruma. Hewa yote ilikuwa inanuka salfa, na kwa sababu hiyo sikusikia harufu nyingine. Nilifungua mlango nusu, nikaingia, nikaufunga upesi nyuma yangu.

Bibi yako alikuwa amelala chali, mdomo wazi. Nikamwita. Nikamwita tena kwa jina la mwanangu wa kwanza, ambalo ndilo ninalomwitia siku zote. Nikamtikisa bega, likarudi lilipokuwa, kama la mwanasesere. Mashavu yake yalikuwa na wekundu ambao sijapata kuuona kwake.

Mawazo yangu yalikwenda mahali pamoja tu: sukari. Muuguzi alitufundisha kwamba sukari ikishuka sana mtu hulegea na kupotewa na fahamu. Nikapapasa rafu, nikapata sukari, nikailowesha kidogo, nikaanza kumpaka kwenye fizi kwa kidole. Nilikuwa namwambia maneno ambayo sitakupa uyaandike. Kichwa changu nacho kilianza kugonga, magoti yakawa ya pamba, na hata hapo nikasema, ni hofu, wewe mzee, simama. Nilikaa pale ndani, nimefunga mlango, nampaka sukari mtu aliyekuwa anauawa na moshi wangu.

Aliyemwokoa ni baba yako. Alikuwa amerudi kuongeza petroli kwenye mashine. Akafungua mlango, akavuta pumzi mbili, akapiga kelele.

"Baba! Jenereta iko wapi?"

"Nyamaza, mama yako sukari imeshuka."

"Iko wapi, Baba?"

"Chini."

Sijawahi kumwona mwanangu akinisukuma. Siku hiyo alinisukuma nikaanguka juu ya magunia. Alimbeba mama yake mikononi, akaruka naye chini, akakimbia mpaka kwenye uwazi wa kuanikia mihogo, mbali na gari. Mwenyeji alikuja anakimbia, mkewe naye akaja na maji. Nilitoka nikitambaa. Niliizima jenereta, na ukimya uliofuata ulikuwa mbaya kuliko kelele, kwa sababu ndani yake nilisikiliza kama anapumua, na sikusikia.

Nilikaa chini juu ya maganda ya mihogo. Nilikuwa naogopa kumsogelea. Mimi, ambaye nyinyi wote mnaniogopa, niliogopa hatua kumi.

Kisha akakohoa. Akatapika. Akafumbua macho, akatazama watu waliomzunguka, wote wamejaa unga wa salfa usoni, wa njano.

"Nyinyi ni akina nani?" akasema kwa sauti ndogo. "Mbona mmeiva?"

Mke wa mwenyeji akaangua kicheko na kilio kwa pamoja. Mimi niliinuka nikaenda nyuma ya mkorosho.

Tulimpeleka hospitalini madirisha yote yakiwa wazi na milango imefungwa kwa kamba isijifunge. Walimwekea hewa ya mtungi puani, wakamlaza, wakaniuliza maswali. Nikaeleza kila kitu, sikuficha. Muuguzi wa pale, mama wa makamo, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza niliiwashia nini jenereta. Nikamwonyesha kichupa, kwa maana nilikuwa nacho mfukoni bado.

"Mzee, Newala hii na baridi hii?" akasema. "Chupa uliyokwisha kuifungua hukaa wiki kadhaa mahali pasipo joto. Hapa isingeharibika, hata friji ingezimika siku tatu zaidi."

Maneno hayo aliyasema kwa upole. Niliyasikia kama hukumu. Niliogopa kitu ambacho hakikuwa na madhara, na kwa kukikimbia nikamfungia mke wangu ndani pamoja na kile kinachoua. Hakuna aliyenilaumu. Baba yako aliniomba radhi kwa kunisukuma. Nilimkatalia radhi hiyo, nikamwambia asiombe tena.

Bibi yako alilazwa siku mbili. Siku ya pili nilikwenda kwa mwenyeji wetu, nikamwambia ukweli: kivuli chako ni kizuri, na ufagio wako ni safi, lakini gari langu linakula jua. Nilitegemea achukie. Alitazama juu kwenye mkorosho wake, akasema, "Ungeniambia siku ya kwanza, ningekata tawi." Ndiyo hayo tu. Tawi moja.

Tuliporudi Masasi tukaenda tena kwa yule kijana. Safari hii niliacha baba yako aseme. Tumechukua betri ya pili. Paneli imefunguliwa kutoka juu ya paa, ina waya mrefu, inalala juani hatua ishirini kutoka kwenye gari, na inafutwa kila baada ya kupuliza. Injini ya gari nayo imeunganishwa ichaji betri tunapokuwa njiani. Jenereta haikurudi garini. Umeme unatosha. Taa ni ya kijani.

Lakini hofu haijatoka. Asubuhi nikiamka, kabla sijagusa kitu, humwita bibi yako na kungoja aitike. Siku nyingine hukawia makusudi, kwa utani, na mimi hubaki nimeshika ukingo wa kitanda. Hajui ni kwa nini sicheki. Naendelea kumpimia dawa yake, mstari kwa mstari, na mistari hiyo, ambayo sikuwahi kuikosea, sasa naihesabu mara mbili.

Sasa sikiliza, na haya uyaweke. Tunza karatasi hizi mahali pakavu, na usizirekebishe ili nionekane mwenye busara. Mahali niliposema ni mimi, pabaki ni mimi; usiandike kwamba injini ilikuwa mbovu, maana ilikuwa nzima kabisa. Tunza waya mrefu, usikubali mtu aukate ili afanyie kazi nyingine. Tunza namba ya simu niliyopewa na yule muuguzi wa Newala, na jambo lolote la dawa muulize yeye kwanza, kabla ya kuuliza hofu yako. Siku ya salfa ziba nyumba kama tulivyozoea, lakini kwanza tembea pande zote uzime kila kitu kinachowaka, kisha ndipo uzibe. Mwenyeji akikufagilia kivuli, mshukuru, umweleze unachohitaji, atakata tawi.

Na kile kipande cha maneno niliyomwambia bibi yako garini, ambacho sikukupa, usikitafute. Nitamwambia mwenyewe. Sasa nenda ukaifute paneli, jua limeshapanda.